Mnalipia f/2.8 ya nini?

Aliyezoea kamera za kawaida akihamia kwenye slaidi za pande tatu huja na imani yake: kamera bora ni ile ambayo lenzi zake hufunguka zaidi. Ndiyo maana Stereo Realist ya f/2.8, kazi ya kampuni ya David White kule Milwaukee, Marekani, hugombaniwa kwa wauza mitumba, huku ile ya f/3.5 ikitazamwa kama mtoto wa kambo. Huo ni ushabiki mtupu.

Tupige hesabu. Kutoka f/3.5 hadi f/2.8 haifiki hata stopu moja. Miaka ya 1950, Kodachrome ilipokuwa ASA 10, mpiga picha kivulini alikuwa na haki ya kung'ang'ania mwanga wowote aliopata. Leo ukipakia Ektachrome E100 una filamu yenye kasi mara kumi ya ile. Shida imekwisha, sifa imebaki.

Tena kuna kubwa zaidi. Kwenye picha bapa, ukungu nyuma ya uso wa mtu ni pambo. Kwenye slaidi ya pande tatu macho hayatulii: yatatoka usoni, yataingia uani, yatarudi kwenye meza iliyo mbele, na kila yanapofika yanataka kuona. Yakikuta ukungu yanahangaika kuusafisha, wala hayawezi. Kwa hiyo wenye fani hii hubana lenzi hadi f/8 au f/11, karibu na mbali pote paonekane. Hiyo f/2.8 uliyoitolea pesa inakaa bila kazi.

Mimi ningelipia pima maji. Kodak Stereo, iliyouzwa kuanzia 1954 hadi 1959 kwa bei chini ya Realist, ina kiputo unachokiona humohumo unamochungulia kupanga picha. Wapenda lenzi hukicheka. Lakini picha ya kawaida iliyolala upande utaizungusha na kuikata, yaishe. Hapa una vipande viwili vya filamu, kimoja kwa kila jicho. Ukivizungusha kila kimoja kwenye fremu yake, mti uleule unakuwa juu kwa jicho la kushoto na chini kwa la kulia. Macho ya binadamu hayakuzoea kupishana hivyo.

Halafu hizi kamera ni za kale, grisi yake imeganda. Kabla ya kuuliza f ngapi, fungua mgongo wa kamera ikiwa haina filamu, ielekeze dirishani, weka f/11, ufyatue huku ukitazama matundu yote mawili kwa nyuma. Yawe na ukubwa mmoja, yawake na kuzima pamoja. Rudia kwa kasi ndogo kabisa, maana shata inayosuasua hujifichua hapo. Tundu moja likichelewa kufunga, slaidi ya upande huo itapauka kuliko mwenzake, na muuzaji ataendelea kukusifia lenzi.