Kunja kwanza, chapa baadaye

Nimekuwa kimya siku nyingi, mitihani ilinibana. Wikiendi nilishuka Ilula kumsalimia mama, nikarudi chuoni na aibu. Bora niimwage hapa.

Kikundi chao cha kina mama wanaolima nyanya kiliniomba niwatengenezee kipeperushi: karatasi moja ya A4 iliyolala, inakunjwa mara mbili, inatoa kurasa sita. Ndani niliweka jedwali la dawa, vipimo, na siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna. Nikagawa milimita 297 kwa tatu, nikapata 99, nikajiona fundi. Nakala 60 steshenari, hela ya mfuko wa kikundi.

Mama akafungua ya kwanza. "Mwanangu, hapa ni siku nne?"

Ilikuwa 14. Mkunjo ulipita juu kabisa ya ile moja, na wino wa unga ukibanduka kwenye mkunjo haubaki kitu. Jamani, nyanya za Ilula zinauzwa pale pale barabarani. Abiria ananunua, anafuta kwa leso, anakula. Siku kumi za dawa si mchezo!

Nikaanza kumlaumu dada wa steshenari. Ndiyo tabia yetu wasomi: kazi ikiharibika, kosa ni la mashine au la mwenye mashine. Kumbe yeye alichapa nilichompa. Msimamo wangu leo ni huu: anayepanga kurasa ndiye anayewajibika mpaka karatasi ikunjwe mkononi mwa msomaji.

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi tupu, ikunje, andika namba kwa penseli kila ukurasa, kisha ifungue. Utaona mwenyewe kwamba kurasa hazilingani. Ule unaoingia ndani lazima uwe mfupi kidogo, la sivyo unagonga mkunjo na kujikunja pembeni. Upande wa nje, kuanzia kushoto, panga 97, 100, 100: wa kuingia ndani, wa mgongoni, halafu jalada. Upande wa ndani ni kinyume: 100, 100, 97. Pembeni ya kila mkunjo acha milimita tano bila maandishi, na namba za maana ziweke mbali zaidi.

Kwenye kuchapa, usikubali kompyuta ipunguze ukubwa "ili itoshee". Weka asilimia 100, maana ikipunguza, mikunjo yote inahama. Upande wa pili, geuza karatasi kwa ukingo mfupi, kama unavyofunua kitabu. Ukigeuza kwa ukingo mrefu, ndani inatoka miguu juu. Toa nakala MOJA tu, inyanyue dirishani uone kama pande mbili zinakutana, ikunje, mpe mtu asome. Ndipo uchape 60.

Mtasema karatasi moja ni kupoteza muda. Mimi nimepoteza 60, na bumu langu ndilo lililolipa za pili. Mama hakunigombeza. Alizichoma zile mbovu zote jikoni, moja moja, akihesabu mpaka zitimie, isije ikabaki hata moja ikamfikia mtu.

Naomba kutoa hoja.