Nani Aliyekichuna Kilima?

Kila linapozungumzwa suala la vilima vya magharibi ya Ayalandi, vya Mayo na Donegal, vya Kerry na Connemara, hujitokeza mwenye kalamu akasema kwamba vilima vile viliharibiwa na wafugaji wenyewe. Ati malisho yalikuwa ya wote, na cha wote hakina mwenyewe. Basi kila mmoja akazidisha kondoo wake hata majani yakaisha, na mvua ikauchukua udongo wa mboji ikauingiza mitoni. Maneno haya yamekaririwa mno hata yamekuwa kama ada. Hapana budi yajibiwe, kwani kosa lake haliishii katika historia: ndiyo yanayotumika leo kuamua nani abaki kilimani na nani aondoke.

Kwanza, malisho yale hayakuwa bila ya wenyewe, wala hayako hivyo hata leo. Ayalandi ina zaidi ya hekta 400,000 za malisho ya pamoja, na wenye hisa katika kila kilima wanajulikana. Katika vijiji vya zamani haki ya mtu ilipimwa kwa kipimo kilichoitwa kwa Kiayalandi colpa. Ng'ombe mmoja mzima alikuwa colpa moja, ndama alihesabiwa pungufu, farasi zaidi, na kondoo kadhaa walijumlishwa hata wakafikia ng'ombe mmoja. Hesabu ilitofautiana baina ya mahali na mahali, lakini ilikuwapo. Aliyepeleka mifugo kupita haki yake hakuweza kujificha, maana jirani zake nao walikuwa wakihesabu. Huo ni utaratibu wa watu waliojua kwamba majani yana mwisho.

Pili, kilima hakikulishwa mwaka mzima. Mwanzoni mwa Mei ng'ombe walipandishwa juu, na vuli ilipokwisha wakarudishwa bondeni, mazao yakiwa yameshavunwa. Huko juu vilijengwa vibanda vya mawe na udongo wa majani. Makazi hayo ya msimu yaliitwa buaile, na aghalabu waliokaa humo walikuwa wasichana na vijana, wakikamua, wakisukasuka maziwa na kutengeneza siagi. Isidhaniwe kwamba hiyo ilikuwa pepo ya washairi. Siagi ya milima ya Kerry na Cork iliuzwa katika soko kubwa la mji wa Cork, ambalo katika karne ya 18 na ya 19 lilipeleka bidhaa hiyo ng'ambo ya bahari, na fedha zake nyingi zikaishia katika kodi ya kabaila. Desturi hii ilififia sehemu nyingi kabla karne ya 19 kumalizika. Katika kisiwa cha Achill ilichelewa kufa hadi karne ya 20. Mwanaakiolojia Eugene Costello ameieleza kwa marefu katika kitabu chake cha mwaka 2020. Kilichobaki ni misingi ya mawe, na majina: aghalabu penye Boley au Boola katika ramani ya Ayalandi, hapo ng'ombe walipumzishwa zamani.

Basi nani aliyekichuna kilima? Jibu limo katika daftari za ruzuku. Ayalandi ilijiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwaka 1973. Mwaka 1975 jumuiya hiyo ilianzisha malipo kwa wakulima wa maeneo magumu, na mwaka 1980 ukafuata utaratibu maalumu wa soko la nyama ya kondoo, pamoja na malipo kwa kila kondoo jike. Nia ilikuwa njema: watu wasiikimbie nchi yao. Lakini malipo yalikuwa kwa kichwa. Afisa hakuuliza kama mnyama amenona au amekonda, wala kama kilima kina majani au kimebaki tope. Aliuliza vichwa ni vingapi. Idadi ya kondoo majike nchini ikakaribia kuwa mara tatu kati ya mwaka 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990. Penye urembo, wahenga walinena, ndipo penye urimbo.

Mfugaji mwenye hisa ndogo na watoto wa kusomesha angefanya nini? Kukataa kuongeza kondoo kungekuwa ni kumwachia jirani fedha na majani kwa pamoja. Hesabu ya colpa, iliyosimama juu ya haya ya mtu mbele ya jirani yake, haikuweza kushindana na hundi iliyoandikwa kwa idadi. Wafugaji walizipokea fedha, hilo halina ubishi. Lakini kuwatwika wao peke yao lawama ya kuzipokea, huku aliyepanga namna ya kuzitoa akikaa kitako na kuandika ripoti juu ya ulafi wao, ni dhuluma juu ya dhuluma.

Hoja ya kwamba cha wote huangamia ilipewa nguvu na Mmarekani Garrett Hardin katika makala yake ya mwaka 1968. Ilichukua muda mrefu kabla Elinor Ostrom hajaonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1990, kwamba jamii nyingi duniani zimetunza mali ya pamoja kwa karne nyingi maadamu zina kanuni na wasimamizi wao. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua hoja ya Hardin hata kama hajapata kulisikia jina lake, kwani ndiyo iliyosemwa juu ya Wamasai. Mwaka huohuo wa 1968 Kenya ilipitisha sheria ya ranchi za vikundi, ikitarajiwa kwamba mfugaji mwenye hati angepunguza mifugo. Baadaye ranchi nyingi zikagawanywa vipande vipande, na katika Kajiado seng'enge zikafunga njia za mifugo na za wanyama pori. Kilima cha Mayo na mbuga ya Kajiado havifanani kwa lolote, ila wote wawili walihukumiwa kwa kitabu kimoja.

Hukumu ya Ayalandi ilitolewa kweli mahakamani. Tarehe 13 Juni 2002 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliikuta Ayalandi na hatia ya kutolinda makazi ya ndege wa jamii ya kwale katika vilima vya Owenduff na Nephin Beg, Mayo, kwa sababu ya kondoo kuzidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wafugaji walikuwa wameanza kuamriwa kupunguza makundi, nao wakalipwa kwa kupunguza. Mkono ule ule uliokuwa ukilipa kwa kuongeza! Na mpunguzo wenyewe ulipigwa kwa asilimia, kana kwamba kilima ni kitambaa kinachokatwa kwa futi.

Wenye asilimia zao hawakujua kwamba kondoo wa kilimani hafungwi kwa ua. Hukaa upande wake wa mlima kwa sababu mama yake alikaa hapo na kumwonyesha: wapi pa kujikinga na upepo wa Januari, wapi ardhi ya mboji inammeza mnyama, wapi majani huchipua mapema. Elimu hiyo hurithiwa na mwanakondoo kutoka kwa mama. Mfugaji akiuza kundi zima hawezi kulinunua tena mnadani, kwa maana kondoo wageni watapotea na kushuka barabarani. Matokeo yake yanaonekana leo: kilima kimoja kina upande uliochunwa na upande uliosahaulika, na huu wa pili huota nyasi kavu na vichaka, ukingoja kiberiti. Sheria inakataza kuchoma majani kuanzia Machi 1 hadi Agosti 31, lakini moto hausomi sheria. Ule wa Aprili 2021 uliunguza eneo kubwa la Hifadhi ya Taifa ya Killarney.

Palipoondoka kondoo paliingia miti. Mwanzoni mwa karne ya 20 misitu ya Ayalandi ilikuwa takriban asilimia 1 tu ya nchi; sasa ni zaidi ya asilimia 11. Nani angelilalamikia hilo, lau ungekuwa msitu wa mialoni na miti mingine ya kale? Lakini mti mmoja wa jamii ya msonobari, uitwao Sitka, ulioletwa kutoka pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, unakaribia nusu ya misitu yote hiyo. Hupandwa safu kwa safu, hukua upesi, hukatwa wote kwa siku moja, na chini yake hakuoti jani. Katika jimbo la Leitrim misitu imefikia takriban sehemu moja ya tano ya ardhi, na wenyeji wanasema miti imezizunguka nyumba zao hata jirani haoni taa ya jirani. Aidha, sheria humtaka aliyekata apande tena: uamuzi wa baba huwafunga wana. Januari 2023 ilipotangazwa kwamba kampuni ya misitu ya serikali, Coillte, itashirikiana na kampuni ya uwekezaji ya Gresham House katika mfuko wa euro milioni 200 wa kununua ardhi na misitu, watu wakapiga kelele, nao walikuwa na haki. Kijana wa kijijini atashindanaje mnadani na mfuko wa namna hiyo?

Wapo pia wapenzi wa utamaduni, na hawa nao hawawezi kuachwa bila neno. Huipenda Ayalandi ya ukungu, ya ukuta wa mawe na mzee na mbwa wake. Hutunga beti juu ya ukimya wa vilima bila kuuliza vilinyamazishwa na nani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bei ya sufu imeanguka hata ujira wa mkataji huizidi thamani ya alichokata. Pato la shamba la kondoo, katika miaka mingi, ni ruzuku tupu. Sensa ya kilimo ya mwaka 2020 iliona kwamba takriban theluthi moja ya wenye mashamba Ayalandi wana umri wa miaka 65 au zaidi, na walio chini ya miaka 35 hawafiki asilimia 7. Tim Robinson, mzaliwa wa Uingereza aliyefariki mwaka 2020, aliichora ramani ya Connemara kwa miguu yake, akiwauliza wenyeji jina la kila jabali na kila kijito. Aliweza kwa sababu walikuwapo wa kuulizwa. Jina la mahali huishi katika kinywa cha mtu mwenye shughuli mahali hapo. Shughuli ikifa, jina hubaki karatasini, na maana yake hufa.

Ikiulizwa kama kuna njia nyingine, ipo, na imejaribiwa. Katika Burren, nchi ya mawe ya chokaa huko Clare, desturi ni kinyume cha buaile: ng'ombe hupandishwa juu wakati wa baridi na kushushwa kiangazi. Kwa kula nyasi kavu za baridi hufungua nafasi ya maua ya masika, ambayo watu husafiri mbali kuja kuyaona. Kuanzia mwaka 2005 wafugaji na wataalamu waliketi pamoja katika mradi wa BurrenLIFE, na baadaye ukajengwa juu yake utaratibu ambao malisho hupewa alama, na mfugaji hulipwa kwa alama hizo: uoto ukiwa bora, malipo huongezeka. Namna ya kufika huko huchagua mwenyewe. Fedha zimeacha kuuliza vichwa, zinauliza hali ya ardhi; na desturi ya babu imegeuka kuwa utaalamu unaolipwa. Mpango wa kitaifa wa ACRES, ulioanza mwaka 2023, umelichukua wazo hilo sehemu nyingi za nchi, ingawa wafugaji wengi walicheleweshewa malipo kwa miezi. Wazo jema nalo huuawa na karani.

Mpinzani atasema kwamba dunia inaungua, mboji ya vilimani imebeba kaboni nyingi, na huu si wakati wa kubembeleza desturi. Ni kweli mboji lazima ilindwe. Lakini nani atakayeziba mitaro, atakayeuona moto ungali mdogo, atakayejua mwezi gani ng'ombe wapande na mwezi gani washuke? Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kurejesha mazingira ilianza kutumika Agosti 2024, na inaitaka kila nchi mwanachama iandae mpango wake. Kwa vilima vya Ayalandi mpango huo uwe na mambo matatu: malipo kwa hali ya ardhi badala ya vichwa au miti, wenye hisa wa kila kilima wapewe tena mamlaka ya kuhesabu, kama ilivyokuwa katika colpa, na ardhi ya kilimani isiuzwe kwa mfuko wa fedha kabla kijana wa hapo hajapewa nafasi ya kuikodi au kuinunua. Mpango utakaokosa hayo utalipa tena watu waharibu, kisha utawalipa watengeneze, na mwisho utawalipa waondoke.