Kukisia si Kubahatisha

Kuna desturi moja katika masomo ya fizika ambayo yafaa tuikemee waziwazi, maana inawaharibu vijana wetu hapa Lubumbashi. Ni desturi ya kuandika jibu bila kulitazama. Mwanafunzi hupewa swali, hutafuta kanuni, hutia namba ndani yake, hubonyeza kimashine cha hesabu, kisha hunakili kila tarakimu iliyotokea. Kama jibu lina maana au halina, hilo si shauri lake tena.

Tutoe mfano. Twawaona watu wanaoleta makala mjini kwa baiskeli. Tuseme mmoja wao anasukuma mzigo wake kupanda kilima. Yeye, baiskeli na magunia, vyote pamoja, ni kilo 200. Kilima kina kimo cha mita 30, naye akimaliza kwa dakika 10. Anatumia nguvu ya wati ngapi? Mwanafunzi anazidisha 200 kwa 9.81, tena kwa 30, anapata jouli 58,860. Kisha anagawanya kwa 10, anaandika: wati 5,886. Anapiga mstari chini ya jibu, naye ameridhika.

Lakini wati 5,886 ni nguvu ya farasi wanane! Kosa lenyewe ni dogo: alisahau kugeuza dakika kuwa sekunde. Jibu la haki ni wati 98. Hatumlaumu kwa kusahau, maana kila mtu husahau. Twamlaumu kwa kutoshtuka. Mtu mwenye afya, akifanya kazi mfululizo, hutoa wati kama 100 hivi. Anayejua jambo hilo moja tu hawezi kukubali farasi wanane ndani ya kifua cha mtu mmoja.

Wako walimu wanaotujibu: fizika ni elimu ya hakika, na kuwafundisha watoto kukisia ni kuwazoeza uvivu. La, sivyo! Kubahatisha ni kutupa neno bila sababu. Kukisia ni kuanza na kile unachokijua, kupita katika hesabu nyepesi, na kufika kwenye namba unayoweza kuitetea mbele ya watu. Anayekisia hujiuliza kwanza: je, ni makumi, ni mamia, au ni maelfu? Tena hukiri mpaka wa ujuzi wake. Lakini yule apimaye meza kwa rula ya mbao, kisha akaandika eneo lake kwa tarakimu nane, huyo anadai kujua asichokijua. Amri ya nane haiishii mlangoni mwa darasa.

Jinsi ya kukisia ni hii. Ufikirieni ule mlima mweusi wa taka za shaba, karibu na bomba kubwa la moshi la Gécamines, jinsi ulivyokuwa kabla haujaanza kuchimbuliwa tena kwa ajili ya kobalti. Ulikuwa na tani ngapi? Bomba lina kimo cha karibu mita 150. Mlima ulikuwa mfupi kuliko bomba, basi tuseme mita 100. Kitako chake tukifanye duara lenye upana wa mita 400. Umbo lake ni kama pia, basi tuchukue theluthi ya kitako mara kimo: tunapata mita za ujazo milioni 4. Kila mita ya ujazo tuipe tani 3, maana taka hizo ni nzito. Jumla ni tani milioni 12. Yaweza kuwa milioni 8, yaweza kuwa 20. Lakini si laki moja, wala si bilioni moja. Malori 100 ya tani 30, yakipakia kila siku bila kupumzika, yangehitaji miaka 11 kuuhamisha. Sasa mtu akija kuwaambia kwamba mali ile yote ingemalizika kwa mwaka mmoja, mnayo njia ya kumjibu, nayo haikuwagharimu hata franka moja.

Wala msidhani kwamba haya ni mchezo wa watoto. Tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza la atomiki lilijaribiwa katika jangwa la New Mexico, Marekani. Mwanachuoni Mwitalia, Enrico Fermi, alisimama mbali, kama kilomita 16. Mshindo ulipomfikia aliachilia vipande vya karatasi, akaona vimesukumwa kadiri ya mita 2 na nusu. Kwa hayo tu alikisia nguvu ya bomu kuwa sawa na tani 10,000 za baruti ya TNT. Vipimo vya baadaye vilionyesha tani 20,000 na zaidi. Hakupata namba kamili, lakini alijua kwamba ni makumi ya maelfu.

Na urani ya kazi ile, sehemu yake kubwa, ilitoka wapi? Ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika nchi yetu hii ya Katanga. Baba zetu waliichimba bila kuambiwa nguvu iliyokuwa ndani ya mawe yale. Mwezi uliofuata, mji wa Hiroshima uliteketea. Twakumbuka hayo kwa huzuni. Wengine walipima, na wetu walibeba. Je, tutawaacha watoto wetu wabebe tena bila kupima?

Basi, enyi walimu, kabla ya kila hesabu mwulizeni mwanafunzi: unatazamia jibu la kadiri gani? Na jibu likiwa la ajabu, msimpe maksi kwa kanuni tu. Mwulizeni kama mwenyewe analiamini. Enyi vijana, katika Mtihani wa Serikali mnachagua jibu moja kati ya mengi. Anayejua kukisia hufuta mara moja yale yasiyowezekana. Nanyi wazazi, waulizeni watoto debe moja la unga litatosha siku ngapi, na matofali mangapi yataujenga ukuta. Bwana wetu katika Injili alimtaja mtu atakaye kujenga mnara, kwamba hana budi aketi kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tuketi kwanza, tuhesabu.