Kope zimesawazishwa, jiko je?

Bibi akirudi Kizota na bandeji jichoni, baada ya kusawazishwa kope zilizogeuzwa ndani na trakoma, asikute sufuria inamsubiri. Upasuaji ni wa muda mfupi. Kazi iliyobaki ni ya familia nzima.

Bandeji hutolewa kesho yake; uvimbe kidogo usiwatishe. Nawa kwa sabuni kabla ya kumpaka dawa aliyopewa, naye asifikiche. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa kliniki, kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Wembe wa nyumbani, hapana!

Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofuka kwa trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume, maana ndio wanaoshinda na watoto wenye maambukizi. Halafu ndio haohao tunaowarudisha kwenye moshi wa kuni siku ya pili. Baba, washa jiko wewe. Vijana wachote maji, wafagie uani yeye akiwa ndani (vumbi la Dodoma mnalijua), na watoto wanawishwe uso kila siku.

Usaha ukitoka, maumivu yakizidi, jicho likishindwa kufumba, au kope zikianza kuchoma tena hata baada ya miezi, msiishie kuzing'oa kwa kibano. Mrudisheni kliniki ya macho.