Boti haiamshwi na rangi

Kuna wanaosema desturi njo pombe na sala siku boti inarudishwa ziwani. Hapana! Hiyo ni sherehe tu. Boti ya mbao iliyolala miezi mingi inchi kavu inakauka, na nafasi zinafunguka kati ya mbao. Kwanza inazibwa, halafu inawekwa majini karibu na ukingo, bila mzigo, mbao zinywe na zivimbe. Maji yakiingia yanachotwa, na panapovuja panazibwa tena.

Siku hizi mwenye boti anapaka rangi, anafunga motere, kesho anaita abiria. Hayo si maendeleo, ni haraka ya makuta. Ziwa Kivu lina kina cha mita zaidi ya 480; halitazami rangi.

Tena kutengeneza boti bila kuhesabu watu ni kazi bure. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi toka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na Kituku, na watu makumi walikufa.

Basi, wazazi wa Murara, kabla ya kulipa tiketi tuulize: ilijaribiwa siku ngapi bila watu? Inabeba wangapi? Akikosa jibu, tusipande, hata soko likitungoja.