Waliokwenda Ng'ambo na Kimya Chao

Mnamo mwaka 1871 mwandishi wa gazeti, Henry Morton Stanley, alipita mahali ulipo leo mji wa Morogoro, akiwa njiani kumtafuta Livingstone. Alikaa siku chache tu karibu na ngome ya Simbamwene, chini ya milima ya Uluguru. Siku hizo zilimtosha. Mwaka uliofuata kitabu chake kilikuwa kimekwisha pigwa chapa, na hata sasa mwanafunzi atakaye kujua ngome ile ilikuwaje hupelekwa kwanza kwa mgeni huyo, mpita njia aliyekuwa na haraka zake.

Hatumlaumu Stanley kwa kuandika. Mtu aliyesafiri na kuona, kisha akayaweka katika karatasi, amewatendea wema watu wa kwao. Tunaowalaumu ni sisi wenyewe. Watu wetu nao wamesafiri, tena si kwa siku chache. Mwaka 1970 bendi ya Morogoro Jazz, pamoja na mpiga gitaa wake Mbaraka Mwinshehe, ilikwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia yaliyoitwa Expo 70. Vijana waliozoea kupiga muziki mbele ya wakata mkonge na makuli wa reli walijikuta mbele ya halaiki ya watu wa mataifa yote. Walilala wapi? Walikula nini? Wajapani waliupokeaje wimbo wa Kiswahili, nao vijana wetu waliwaonaje Wajapani? Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, angali kijana. Nyimbo zake zinapigwa redioni hadi leo, lakini katika miaka yetu yote ya kufundisha hatujakutana na mwanafunzi aliyeshika mkononi kitabu ambamo mmoja wa wanamuziki wale anaisimulia safari ile kwa maneno yake mwenyewe.

Na hao ni watu mashuhuri. Je, wale wasio na jina?

Sisi tulikulia upande wa Mgeta, huko juu ambako ukungu huingia mpaka jikoni. Mjomba wetu, kaka yake mama, alikuwa askari wa Keya. Mwaka 1944 alivushwa bahari hadi Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana na Wajapani katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa mpaka ikaufikia mto Chindwin. Katika maisha yake yote alitusimulia mambo matatu tu: kwamba mvua ya huko ilizidi ya Uluguru, kwamba nyumbu wa kubebea mizigo walizama katika matope mpaka masikio, na kwamba alimwona ofisa mmoja wa Kizungu akilia kama mtoto. Akifika hapo husema, "Basi, nendeni mkachote maji." Nasi tulikwenda kuchota maji.

Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mpwa ndiye hurithi kwa mjomba. Alipofariki tulirithi kipande chake cha shamba la njegere, panga lake, na koti zito la jeshi lililokwisha liwa na nondo. Burma hatukuirithi. Alikwenda nayo kaburini, na sisi tuliosomeshwa kwa fedha za njegere zile zile, tuliokuwa na kalamu mfukoni, hatukupata kumwuliza neno la nne.

Wako watakaosema kwamba hayo ni majonzi ya ukoo mmoja, si jambo la taifa. La, ni jambo la taifa. Katika miaka ya hamsini serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta katika miteremko ya milima, kazi ya kuvunja mgongo ambayo wakulima hawakuiona faida yake. Mwezi wa Julai, 1955, ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akauawa, na baadaye mpango wenyewe ukaachwa. Mjomba naye alikuwa miongoni mwa waliokataa kushika jembe. Sasa twauliza: mtu aliyekwisha kumwona ofisa wa Kizungu akilia matopeni, alimtazamaje Bwana Shamba aliyekuja kumwamuru? Huenda Burma ilikuwemo katika ukaidi ule wa mwaka 1955. Huenda haikuwemo. Ni yeye tu aliyeweza kutuambia. Vitabu vinavyoeleza habari za matuta hutaja udongo, mmomonyoko, machifu na siasa. Vya moyoni mwa mkulima aliyerudi kutoka vitani vitaandikwa na nani?

Tunazijua hoja za wenzetu wanaopinga. Ya kwanza husema kwamba utamaduni wa taifa ni ngoma, mavazi, methali na mila, na kwamba habari za ng'ambo hazina nafasi humo. Hoja hii ni dhaifu mno. Mwalimu Nyerere alipolitangazia Bunge wizara ya utamaduni mwezi wa Desemba, 1962, hakusema tujifungie ndani. Alionya pia juu ya taifa linalokataa kujifunza kwa wengine. Nasi twaongeza kwamba aliyejifunza pasipo kusimulia amejifunzia tumbo lake.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba masimulizi ya ng'ambo huzaa kasumba, yakawafanya vijana wadharau kwao. Ni kweli kwamba tumewasikia watu waliorudi kutoka Moscow, Leipzig, London au Havana ambao hawakuleta habari ila za barafu, maghorofa na magari moshi yapitayo chini ya ardhi. Husimama mbele ya vijana barazani, wakataja majina ya vituo vya treni, wakacheka uji wetu. Lakini kasumba hiyo huletwa na maneno ya barazani, ambayo hayana wa kuyapima. Neno lililoandikwa hupimwa. Aandikaye analazimika kueleza nani alifagia barafu ile, mshahara wake ulikuwa kiasi gani, na yeye mwenyewe alifanya kazi gani usiku ili apate nauli ya kurudi. Waongo wengi wa barazani wangekaushwa na ukurasa wa kwanza tu.

Wala jambo hili si geni katika lugha yetu. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na Mjerumani Bumiller hadi Urusi na Siberia, na masimulizi ya safari yake yakapigwa chapa kwa Kiswahili huko Ujerumani mwaka 1901, katika mkusanyo wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli. Twajua mkusanyaji alikuwa mtu wa utawala wa kikoloni, na twajua Salim alisafiri kama mtumishi. Hata hivyo Kiswahili kilifika Siberia, kikaona, kikasema. Yapata miaka mia moja na thelathini imepita, na bado tunasikia watu wakidai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuielezea Ulaya!

Hapa hapa Morogoro, tangu mwaka 1984, tunacho Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wahadhiri wake wengi walisomea nchi za mbali, na walichoandika huko kimeandikwa kwa lugha za huko, kuhusu udongo na mahindi. Ni kazi njema. Lakini msomi aliyekaa Norwe miaka minne, akapambana na giza la Desemba, hana hata kurasa kumi za Kiswahili za kuwaachia wajukuu wake? Wengi waliokwenda katika miaka ya sitini na sabini wamekwisha staafu. Wengine tunawazika.

Kwa hiyo muhula uliopita tuliacha kwa wiki mbili insha za "Faida na Hasara", ambazo wanafunzi wetu wanaziandika usingizini, tukawaagiza kila mmoja amtafute mtu mmoja aliyefanya kazi nje ya nchi na kuandika maneno yake. Wengi walileta kurasa mbili za maghorofa. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, kutoka Mlali, alileta kurasa nne za mama yake mdogo aliyefanya kazi za ndani huko Muscat, Omani. Aliandika kuhusu pasi ya kusafiria iliyofungiwa kabatini na mwenye nyumba tangu siku ya kwanza. Aliandika kuhusu bibi kizee wa nyumba ile, mzaliwa wa Unguja, ambaye wengine wakilala alimwita mtumishi chumbani wazungumze Kiswahili, akimwuliza kama karafuu bado huanikwa barabarani. Aliandika kwamba usiku mmoja bibi yule alimwonyesha mahali ufunguo wa kabati ulipowekwa.

Ukurasa wa tano ulikuwa mtupu. Juu yake msichana ameandika kwa penseli: "Hapa mama mdogo alinyamaza. Nitamwuliza tena Jumapili."