Kazi za Nyumbani: Ngozi Isioze Bure

Mwezi huu twataka kusema habari ya kitu ambacho katika nyumba nyingi za Rungwe hutupwa shimoni au huachiwa mbwa, yaani ngozi. Mbuzi akichinjwa kwa ajili ya wageni, nyama hugawanywa kwa makini mpaka kipande cha mwisho, lakini ngozi hakuna aiulizaye.

Wapo vijana na walimu wapendao kuihifadhi, wengine kwa tandiko la kiti, wengine kwa mkoba, na wengine ili kuwaonyesha watoto darasani mnyama aliyejazwa akasimama kama aliye hai. Nao hulalamika neno moja: ngozi ilianza vizuri, kisha ikanuka, manyoya yakang'oka kwa mafungu. Hudhani kwamba dawa ilikuwa mbaya. Aghalabu sivyo. Ngozi hiyo ilikwisha kuharibika kabla ya kuonja dawa, katika saa chache za kwanza baada ya mnyama kufa. Atakaye kuiokoa hana budi kuanza hapo.

1. Mnyama wa kuchunwa na mnyama wa kuachwa.

Kabla ya kushika kisu, uliza: Mnyama huyu amekufaje? Ng'ombe, mbuzi au kondoo afaye ghafula pasipo kuugua kwa siku nyingi, akavimba upesi, na damu nyeusi isiyoganda ikatoka puani, mdomoni au nyuma, yamkini amekufa kwa kimeta. Huyo asichunwe, asipasuliwe, wala nyama yake isiliwe, hata kama ni fahali wa pekee wa nyumba hiyo. Aitwe bwana mifugo, naye ataagiza mzoga uteketezwe au ufukiwe shimo refu.

Twajua kwamba neno hili ni gumu. Mtu aliyepoteza ng'ombe hutamani kupata japo ngozi yake. Lakini mbegu za kimeta hukaa katika udongo na katika ngozi kavu miaka mingi sana, na chumvi haiziui, wala maji ya magome si ya kutumainiwa kuziua. Mwaka 2006 mtu mmoja huko Scotland alikufa kwa kimeta, na ugonjwa wake ulidhaniwa kutoka katika ngoma za ngozi. Mwaka 2008 fundi mmoja wa ngoma mjini London alikufa vivyo hivyo, kwa kuvuta pumzi yenye vumbi la ngozi alizokuwa akizitengeneza. Watu hao hawakuwa wachungaji wala wachinjaji. Ngozi tu ilitosha kuwaua. Basi mtu aliyeshika ngozi akiona kipele kinachogeuka kidonda kisichouma sana, kimevimba kandokando na kuwa na kigaga cheusi katikati, asingoje mpaka kesho. Aende hospitali aseme wazi kwamba alishika ngozi. Akiwahi, ugonjwa huo una dawa.

Hali kadhalika wanyama wa mwitu waachwe. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, ngozi, pembe na meno yao ni nyara za serikali, na mtu kuwa nazo bila kibali ni kosa, hata akisema kwamba aliziokota. Nasi wa Rungwe tuna sababu kubwa zaidi ya kuangalia. Katika msitu wa mlima wetu yuko kipunji, nyani mdogo wa mitini ambaye wataalamu wa dunia walitangaziwa habari zake mwaka 2005, wakiwa na picha tu. Mwaka huo huo kipunji mmoja alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima kando ya mlima. Mwili wake ulihifadhiwa, nao ndio uliowawezesha wataalamu, mwaka 2006, kusema kwamba mnyama huyo ni wa jenasi ya peke yake, wakaiita Rungwecebus kwa jina la mlima huu. Tazama, mzoga mmoja uliohifadhiwa vema uliongeza elimu ya dunia. Lakini ulipita mikononi mwa wenye ruhusa. Sisi tujifunze kwa sungura wa kufugwa, mbuzi, kondoo na ndama.

2. Saa za kwanza.

Maadui wa ngozi mbichi ni joto na unyevu, maana humo vijidudu vya kuozesha huzaana upesi. Watu wa Dodoma huweza kuwamba ngozi kivulini ikakauka kwa upepo. Lakini hapa Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na siku za ukungu ni nyingi. Ngozi iliyowambwa mwezi wa Machi huoza ikiwa juu ya fito zake. Wala jua kali la ghafula si msaada, kwa kuwa huunguza upande wa nje na kuacha uozo ndani. Kwa hiyo sisi mategemeo yetu ni chumvi.

Kisu kitumike kupasua njia tu. Sehemu nyingine zichunwe kwa ngumi, ili ngozi isitobolewe. Osha damu na mavi kwa maji safi, ichuruzike, kisha uitandaze upande wa nyama ukiwa juu. Kwa kila kilo mbili za ngozi twaa kilo moja ya chumvi laini, usugue pote, hasa shingoni, miguuni na kandokando, ambako uozo huanza. Ikunje, uilaze mahali penye mteremko ili maji yatoke. Kesho yake kung'uta chumvi iliyolowa, utie nyingine. Fanya hayo siku ile ile ya kuchinja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

3. Kuitayarisha.

Wakati wa kazi ukifika, iloweke katika maji baridi mpaka ilainike. Ilaze juu ya gogo la mviringo, uondoe kwa kisu butu mafuta yote, mabaki ya nyama na utandu. Kazi hii huchosha, na wengi huiacha nusu. Lakini dawa haipenyi penye mafuta.

Utakaye ngozi isiyo na manyoya, itie katika uji mwepesi wa chokaa siku kadhaa, ukiigeuza kila siku, mpaka manyoya yatoke kwa kukwangua. Jihadhari na macho na mikono, maana chokaa huunguza. Kisha ioshe kwa maji mengi, uilaze usiku mmoja katika maji ya pumba yaliyochachuka ili chokaa yote itoke. Utakaye manyoya yabaki, chokaa usiitumie kabisa.

4. Njia mbili za kudabaghi.

Kudabaghi maana yake ni kuzifunga nyuzinyuzi za ngozi kwa dawa, hata zisioze tena.

Njia ya kwanza ni magome ya muwati. Mti huu asili yake ni Australia, nasi tunao mashambani na twaupasua kuni. Theluthi moja hivi ya uzito wa gome lake kavu ni tanini, ndiyo dawa yenyewe. Huko Njombe kampuni ya TANWAT, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilipanda mashamba makubwa ya miti hiyo kwa ajili ya dawa ya ngozi. Nyumbani, ponda magome, uyaloweke katika maji ya moto, uyaache yapoe. Anza na maji mepesi, na kila siku ya tatu uongeze yaliyo makali zaidi. Ukianza na makali, nje hukazika na ndani hubaki mbichi. Tumia chombo cha mti, cha udongo au ndoo ya plastiki, wala si cha chuma, kwa sababu chuma na tanini hufanya weusi. Baada ya majuma matatu au manne, kata ukingo kidogo: ukiona mstari mweupe katikati, bado haijaiva.

Njia ya pili ni shabu, ile watu watumiayo kutulizia maji ya matope. Katika maji lita 6 yeyusha gramu 450 za shabu na gramu 450 za chumvi. Ngozi ya sungura ikae humo siku tatu, ukiikoroga mara kwa mara. Ya mbuzi ikae juma zima. Njia hii ni ya upesi, nayo huacha manyoya na weupe wake. Walakini ina udhaifu mmoja ambao katika nchi yetu ni mkubwa: ngozi ya shabu ikilowa sana, dawa hutoka na ngozi hurudia ubichi. Kwa hiyo mkoba au mshipi utakaokutana na mvua ya Tukuyu na uwe wa muwati. Shabu iwe kwa vitu vikaavyo ndani ya nyumba.

Kwa njia zote mbili, ngozi ikianza kukauka ipake mafuta ya nyonyo au ya ng'ombe, uivute huku na huku juu ya ukingo wa ubao, tena na tena, mpaka ikauke kabisa. Ulaini hutoka katika mikono. Ikiachwa ikauke peke yake, itakuwa ubao.

5. Neno kwa wapendao kujaza wanyama.

Zamani watu walijaza majani makavu tu, na mnyama akawa kama gunia. Mmarekani Carl Akeley, aliyefariki katika Kongo mwaka 1926, alifundisha njia bora: kupima mwili, kuunda kiunzi chenye umbo la misuli, kisha kuvika ngozi juu yake. Mwalimu aweza kufanya hivyo kwa sungura, akitumia waya, mti laini na nyuzi za katani. Asitumie sumu ya aseniki waliyoitia watu wa kale, wala watoto wasishikeshike wanyama wa kale waliojazwa, maana sumu hiyo yaweza kuwa imo bado.

Basi atakaye kujaribu na aanze na sungura mmoja, si ng'ombe. Aiweke chumvi tayari kabla ya kunoa kisu, na kabla ya chumvi aulize lile swali la kwanza: Mnyama huyu amekufaje? Nyumba isiyopata jibu la hakika na iache ngozi ile iende na mwenyewe.